Sauti Peke Yake Haikutosha: Vijana wa Wales Katika Majukwaa ya London

Wahakiki wa London wana maelezo waliyoyazoea kila kijana wa Wales anapopanda jukwaani na kuwatetemesha watazamaji: ni sauti. Husema sauti hiyo imetoka milimani, imetoka migodini, imo ndani ya damu ya taifa linaloimba. Richard Burton aliambiwa hivyo miaka ya 1950, Anthony Hopkins akaambiwa hivyo baada yake, na Michael Sheen naye hakusalimika. Ni maelezo matamu, na wenye nchi wenyewe huyapenda, maana nani asiyependa kuambiwa kwamba kwao kipaji huota kama majani? Lakini ukiifuata historia ya waigizaji hawa mwaka kwa mwaka, nyumba kwa nyumba, maelezo hayo yanaanza kuvuja. Ninachokiona mimi ni kwamba London haikuokota vipaji vilivyojiotea. Ilipokea vijana waliokwisha kufinyangwa na walimu wa shule, na kanisa, na mashindano ya vijijini, kisha wakafunguliwa mlango na Mwelshi mwenzao aliyetangulia, kisha wakashikwa na kampuni zilizokuwa tayari kuwalipa kila wiki wakati bado hawana jina. Pale kimojawapo kati ya hivyo kilipokosekana, sauti ilibaki dukani ikiuza nguo. Na hilo la dukani si tamathali.

Burton alizaliwa tarehe 10 Novemba 1925 katika kijiji cha Pontrhydyfen, kusini mwa Wales, kwa jina la Richard Walter Jenkins. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, na yeye alikuwa mtoto wa 12 kati ya 13. Mama yake alifariki mwaka 1927, siku chache baada ya kumzaa kitinda mimba, na mtoto huyu wa miaka miwili akachukuliwa na dada yake mkubwa, Cecilia, aliyekuwa ameolewa huko Taibach, upande wa mji wa viwanda wa Port Talbot. Nyumbani kilizungumzwa Kiwelshi, na Kiingereza alikuja kukikuta shuleni. Mwaka 1937 alifaulu mtihani wa kuingia sekondari, jambo ambalo hakuna yeyote kati ya ndugu zake wakubwa aliyekuwa amelifikia. Ila mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto na kipato cha nyumbani kikiwa kidogo, alitolewa shule akapelekwa kufanya kazi katika duka la ushirika, upande wa mavazi ya wanaume. Alikuwa na miaka 15. Sauti ile ile itakayokuja kusifiwa duniani kote ilikuwa kooni mwake wakati anapima mashati, na haikumsaidia kitu.

Aliyemtoa dukani si bahati. Kulikuwa na klabu ya vijana ya Taibach, ambako Leo Lloyd aliwafundisha vijana wa mtaani maigizo bila malipo makubwa. Kulikuwa na diwani, Llewellyn Heycock, aliyetumia nafasi yake katika mambo ya elimu ya wilaya kumrudisha kijana darasani mwaka 1942, jambo lisilo la kawaida kwa mwanafunzi aliyekwisha kuacha masomo. Na zaidi ya wote kulikuwa na mwalimu, Philip Burton, naye mtoto wa mchimba makaa aliyeuawa na mgodi, mtu aliyepanda kwa ufadhili wa masomo hadi chuo kikuu, aliyekuwa akiandika michezo ya redio kwa BBC na kuongoza maigizo ya shule. Mwaka 1943 alimchukua kijana akae naye, akatafuta njia ya kumfanya mwanawe kisheria. Sheria ilitaka anayeasili mtoto amzidi kwa miaka 21, na Philip alipungukiwa na siku 20 tu. Basi akafanywa mlezi wa kisheria badala ya baba, na kijana akachukua jina lake. Hiyo ndiyo asili ya jina Richard Burton. Jina linalosomeka kwenye mabango ya sinema ni jina la mwalimu wa shule.

Tukija kwenye sauti yenyewe, ushahidi unaonyesha kazi, tena kazi ya miaka. Wales ya wakati huo ilikuwa na makanisa madogo karibu kila mtaa, na mahubiri yalikuwa fani: mhubiri alianza taratibu, akapanda, akafikia kiwango ambacho maneno yanakaribia wimbo, na wasikilizaji walijua kumpima. Kisha kulikuwa na eisteddfod, mashindano ya ushairi, uimbaji na ukariri, yaliyoanzia vikanisani na mashuleni hadi ngazi ya taifa, ambako mtoto alisimama mbele ya waamuzi akahukumiwa kwa pumzi, matamshi na mshiko wa maana. Msomaji aliyekulia Lamu au Unguja hahitaji maelezo marefu hapo: mtoto aliyepitia madrasa, akasoma kaswida katika maulidi mbele ya wazee wasiosamehe kosa, amepata mafunzo ya jukwaa kabla hajaliona jukwaa. Burton aliimba kwenye mashindano hayo akiwa mdogo. Juu ya msingi huo Philip Burton akaweka mazoezi yake: alimpeleka mlimani, akamfanya akariri Shakespeare huku mwalimu akisogea mbali zaidi na zaidi, na sharti likiwa moja, asikike bila kupiga kelele. Pia alimfundisha Kiingereza cha jukwaani, kile ambacho kumbi za London zilikitaka, bila kumfuta lafudhi ya kwao kwa matumizi mengine. Ukisikiliza rekodi ya mchezo wa redio wa Dylan Thomas, Under Milk Wood, uliorushwa na BBC Januari 1954 Burton akiwa msimuliaji, unasikia vyote viwili vikifanya kazi pamoja. Wapenzi wa nadharia ya damu husikia hapo milima ikizungumza. Mimi nasikia mazoezi.

Hata hivyo, Port Talbot ilikuwa na walimu wazuri na bado London ingeweza kubaki mbali kama mwezi. Aliyeisogeza ni Emlyn Williams, na bila yeye historia hii isingekuwepo kwa sura tunayoijua. Williams alizaliwa mwaka 1905 huko Flintshire, kaskazini mwa Wales, katika familia ya watu wa kawaida isiyozungumza Kiingereza nyumbani. Mwalimu wake wa shule ya Holywell, Sarah Grace Cooke, aligundua akili yake, akamnoa, na mwaka 1923 Williams akaingia Chuo cha Christ Church, Oxford, kwa ufadhili. Kutoka hapo alikwenda London kuigiza na kuandika. Mwaka 1935 mchezo wake wa mauaji, Night Must Fall, uliwajaza watu katika ukumbi wa Duchess, na mwaka 1938, katika ukumbi huo huo, alileta The Corn is Green, hadithi ya mwalimu wa kike anayemwokoa kijana wa mgodini kwa elimu. Sybil Thorndike alikuwa mwalimu, Williams mwenyewe akawa kijana. Kwa mara ya kwanza watazamaji wa West End, mtaa wa kumbi kubwa za London, walilipa tiketi, usiku baada ya usiku, kumtazama Mwelshi ambaye si kichekesho. Huo ulikuwa mlango wa aina mbili: ulionyesha kwamba mada ya Wales inauzika, na ulihitaji vijana wa Wales wa kuicheza.

Ndiyo maana mwaka 1943 Williams, akitafuta waigizaji wa tamthilia yake mpya The Druid's Rest, alitangaza katika gazeti la Western Mail kwamba anataka vijana Wawelshi. Philip Burton alilijibu tangazo. Mchezo ulifunguliwa Liverpool mwezi Novemba, na Januari 1944 ukahamia ukumbi wa St Martin's, katikati ya London iliyokuwa bado ikipigwa mabomu. Burton alicheza nafasi ndogo. Aliyekuwa tayari kushika nafasi hiyo endapo angeugua alikuwa mvulana mwingine kutoka bonde la Rhondda, Stanley Baker, aliyezaliwa Ferndale mwaka 1928, mtoto wa mchimba makaa aliyepoteza mguu mgodini. Naye alikuwa na mwalimu wake, Glynne Morse, aliyemwingiza katika maigizo ya shule, na ni katika igizo la shule ndipo mtu wa filamu alipomwona na kumpa nafasi katika Undercover ya mwaka 1943. Wavulana wawili, mabonde mawili, walimu wawili, mchezo mmoja wa Mwelshi mmoja. Anayesema hayo ni sadfa na damu ndiyo sababu, basi aeleze kwa nini damu ilisubiri tangazo la gazeti.

Hapa kuna pingamizi linalostahili jibu la heshima. Mtu atasema: Ivor Novello je? Alizaliwa Cardiff mwaka 1893 kwa jina la David Ivor Davies, akaitawala London kabla Emlyn Williams hajajulikana. Alikuwa mtunzi wa nyimbo, mwandishi wa michezo ya muziki, nyota wa jukwaa, na nyota wa sinema bubu. Mwaka 1927 Alfred Hitchcock alimtumia katika The Lodger. Aliishi katika nyumba iliyo juu ya ukumbi wa maonyesho mtaa wa Aldwych hadi alipofariki mwaka 1951, na leo ukumbi huo unaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo mlango ulikuwapo tayari? Nadhani Novello anathibitisha hoja badala ya kuivunja. Mama yake, Clara Novello Davies, alikuwa mwalimu mashuhuri wa uimbaji mwenye kwaya iliyosafiri ng'ambo na watu aliojuana nao London. Novello alikuwa na mwalimu na mfungua mlango katika mtu mmoja, tena chini ya paa moja. Na alipofika juu, hakuwa na haja ya vijana wa Wales: ulimwengu wa michezo yake ulikuwa wa wafalme wa nchi za kubuni na wapenzi waliovaa vizuri. Aliingia, mlango ukajifunga nyuma yake. Tofauti kati yake na Williams haiko katika kipaji wala moyo, iko katika aina ya kazi waliyoiandika.

Baada ya The Druid's Rest, vita vilimpa Burton kitu ambacho amani isingempa. Jeshi la anga lilikuwa na mpango wa kuwapeleka vijana wake wateule chuo kikuu kwa miezi sita kabla ya mafunzo ya kijeshi, na mwaka 1944 mtoto wa mchimba makaa akajikuta Chuo cha Exeter, Oxford. Nevill Coghill, mhadhiri wa fasihi, alimpa nafasi ya Angelo katika Measure for Measure. Miongoni mwa waliomwona alikuwa Hugh Beaumont, mkuu wa kampuni ya H.M. Tennent, mtu aliyekuwa akishikilia West End kwa namna ambayo mwigizaji aliyemuudhi alikuwa na mahali pachache pa kwenda. Burton alipoachiwa na jeshi mwaka 1947, Beaumont alimpa mkataba wa pauni 10 kwa wiki, awe na nafasi ya kucheza au asiwe nayo. Tusiupite upesi mkataba huo. Kijana asiye na akiba, asiye na baba wa kumtumia fedha, angewezaje kukaa London akingoja nafasi? Wengi walirudi makwao kwa sababu ya kodi ya chumba, si kwa sababu ya kukosa uwezo. Tennent ilikuwa na uwezo wa kuwalipa watu wasiojulikana kwa sababu ilitawala soko, na pia kwa sababu ilikuwa imejipatia tawi lisilo la faida lililosamehewa kodi ya burudani kwa michezo iliyohesabiwa kuwa ya kielimu. Washindani wake walilalamika sana, na walikuwa na haki. Lakini sehemu ya chakula cha mwigizaji kijana ilitoka katika upendeleo huo.

Filamu ilikuja kupitia mlango ule ule. Mwaka 1948 Emlyn Williams aliandika na kuongoza The Last Days of Dolwyn, hadithi ya kijiji cha Wales kinachotakiwa kuzamishwa chini ya bwawa ili miji ya Uingereza ipate maji, akamweka Burton mbele ya Edith Evans. Hapo pia Burton alikutana na Sybil Williams, mwigizaji kijana wa Wales, wakaoana Februari 1949. Mwezi Mei mwaka huo alikuwa katika ukumbi wa Globe, ambao sasa unaitwa Gielgud, ndani ya The Lady's Not for Burning ya Christopher Fry, akiwa karani anayesugua sakafu huku John Gielgud na Pamela Brown wakizungumza ushairi. Wahakiki walirudi wakimzungumzia msugua sakafu. Mwaka 1951 alikuwa Stratford, mji wa Shakespeare, akicheza mwana wa mfalme katika Henry IV, na Kenneth Tynan, mhakiki mwenye kalamu kali kuliko wote wa kizazi chake, alimsifu kwa namna iliyomfanya gumzo la London. Mwaka uliofuata alikuwa Hollywood katika My Cousin Rachel, na mwaka 1953 katika The Robe, filamu ya kwanza kutolewa kwa mfumo wa skrini pana wa CinemaScope. Zote mbili zilimfikisha katika uteuzi wa Oscar; alikuja kuteuliwa mara 7 kwa jumla bila kushinda hata moja.

Kutokana na hapo ndipo ilipotungwa hadithi ya msaliti: kwamba Burton alikuwa mrithi wa Laurence Olivier, mwigizaji mkuu wa jukwaa la Uingereza, akauza urithi wake kwa dola. Hadithi hii hupendwa na waandishi kwa sababu ina umbo la tanzia, ila tarehe zinaikana. Mara tu baada ya The Robe, akiwa na uwezo wa kubaki Marekani na kutajirika, alirudi London katika ukumbi wa Old Vic, barabara ya Waterloo, kwa msimu wa 1953 na 1954, kwa mshahara ambao waandishi wa maisha yake huutaja kuwa pauni 45 kwa wiki. Mkuu wa ukumbi huo, Michael Benthall, alikuwa ameanza mpango wa miaka mitano wa kucheza tamthilia zote za Shakespeare zilizomo katika mkusanyiko wa mwaka 1623, na katika msimu mmoja Burton alicheza Hamlet, Coriolanus, Caliban, Toby Belch na mwanaharamu wa King John. Alirudi tena mwaka 1955 kwa Henry V na kwa Othello, ambamo yeye na John Neville walikuwa wakibadilishana nafasi za Othello na Iago. Mtu anayekimbia jukwaa haendi kutafuta Coriolanus. Alichokikimbia, mwaka 1957, kilikuwa kodi ya mapato ya Uingereza ya wakati ule, iliyokuwa ikimnyang'anya mwenye kipato kikubwa sehemu kubwa mno ya alichochuma; akahamia Céligny, Uswisi, na sheria za ukaazi zikamzuia kukaa London muda wa kutosha msimu mzima wa Old Vic. Unaweza kumlaumu kwa kukwepa kodi iliyolipia shule kama aliyosoma yeye, na mimi sitamtetea hapo. Lakini lawama hiyo ni ya raia. Haihusu sanaa yake.

Kuna pingamizi zito zaidi, linalotoka upande wa pili: kwamba mlango huo ulikuwa na umbo, na anayepita lazima ajikunje. Hilo ni kweli. London ilitaka Wales ya aina fulani, yenye kwaya, makaa na machozi. Mwaka 1940 studio za Ealing zilitoa The Proud Valley, ambamo Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyekuwa ameishi London miaka mingi, anaingia bonde la Rhondda na kukubaliwa kwa sababu ya besi yake katika kwaya, kisha anakufa mgodini kwa ajili ya wenzake. Robeson aliwapenda wachimba makaa wa Wales kwa dhati nao wakampenda, na filamu ile ina heshima kuliko nyingi za wakati wake. Lakini ni Robeson yule yule aliyekuwa nyota wa Sanders of the River ya mwaka 1935, filamu iliyotukuza ukoloni ambayo baadaye aliijutia, na miongoni mwa waliolipwa kusimama nyuma yake wakiwa wamevaa ngozi kama machifu alikuwemo Jomo Kenyatta, aliyekuwa London akihangaika na kodi ya chumba kama mwigizaji yeyote. Sinema ile ile ya Uingereza ilihitaji Mwafrika mwenye mkuki na Mwelshi mwenye taa ya mgodini. Mizani haikuwa sawa, bila shaka: Mwelshi aliweza kuvua taa akacheza Hamlet, na Kenyatta hakuulizwa kama anamjua Hamlet.

Stanley Baker alikuja kuonyesha jinsi umbo hilo linavyoweza kugeuzwa mali. Mwaka 1964, akiwa mtayarishaji mwenza pamoja na Cy Endfield, alitoa Zulu, kuhusu mapigano ya Rorke's Drift ya Januari 1879, iliyopigwa Natal chini ya utawala wa ubaguzi, Mangosuthu Buthelezi akicheza babu yake wa ukoo, mfalme Cetshwayo. Katika filamu, kikosi cha Waingereza ni cha Wales kabisa: wanajibu nyimbo za Wazulu kwa wimbo wa Wales. Kihistoria kikosi hicho wakati huo kilibeba jina la Warwickshire, jimbo la Uingereza, na jina la Wales kilikuja kulipata mwaka 1881. Luteni Chard, aliyechezwa na Baker mwenyewe, alikuwa mtu wa Devon. Kwa hiyo mtoto wa Ferndale alitumia fedha za sinema kuitia Wales yake ndani ya vita vya himaya, kwa kuwa sasa alijua kinachouzika. Kwamba wimbo wake wa fahari unaimbwa juu ya miili ya Wazulu, filamu haikulifikiria sana.

Na wanawake je? Njia yao ilikuwa nyembamba zaidi, na inasaidia kuonyesha ni nini hasa kilichowabeba wanaume. Siân Phillips, aliyezaliwa mwaka 1933 huko Gwaun-Cae-Gurwen, naye Kiwelshi kikiwa lugha yake ya kwanza, alikuwa akisikika katika redio ya BBC ya Wales tangu utotoni. Alipoingia chuo cha maigizo cha RADA mwaka 1955 alikuwa tayari na uzoefu wa miaka, na mwaka 1957 London ilimwona katika Hedda Gabler. Hakuwa na upungufu wa mafunzo wala sauti. Mwaka 1959 aliolewa na Peter O'Toole, na kwa miaka mingi kazi yake ikapangwa kufuata ya mumewe. Sybil Williams, kwa upande wake, aliacha kuigiza karibu mara tu ya kuolewa na Burton. Wanawake hawa walikuwa wametoka katika makanisa, mashindano na milima ile ile. Kama damu ndiyo ingekuwa sababu, ingewatendea sawa.

Kizazi kilichofuata kiliingia kwa ufunguo mwingine: fedha za umma. Anthony Hopkins, mtoto wa mwoka mikate wa Port Talbot aliyezaliwa siku ya mwisho ya mwaka 1937, alikuwa mwanafunzi dhaifu darasani. Aligundua maigizo katika klabu ya YMCA ya mjini kwao, akapata ufadhili wa chuo cha Cardiff, akaenda jeshini kwa mujibu wa sheria, kisha akaingia RADA na kumaliza mwaka 1963. Miaka miwili baadaye Olivier alimchukua katika National Theatre, iliyokuwa ikifanya kazi katika jengo lile lile la Old Vic, na mwaka 1967 Olivier alipougua Hopkins alishika nafasi yake katika The Dance of Death. Mwaka 1968 alikuwa katika filamu ya The Lion in Winter. Jukwaa kisha skrini, kwa mpangilio ule ule wa Burton, isipokuwa safari hii hapakuwa na Emlyn Williams. Nafasi yake ilikuwa imeshikwa na ruzuku ya serikali kwa ukumbi wa taifa, na misaada ambayo halmashauri za miji zilikuwa zikiwapa wanafunzi wa maigizo. Michael Sheen, aliyezaliwa mwaka 1969 na kukulia Port Talbot, alipitia kundi la vijana la West Glamorgan lililoendeshwa na idara ya elimu ya wilaya, kisha RADA, na mwaka 1991 akasimama na Vanessa Redgrave katika When She Danced, katika ukumbi ule ule wa Globe alimosugua sakafu Burton. Katika miaka ya 1990 misaada ya halmashauri kwa vyuo vya maigizo ilikatwa karibu yote, na tangu hapo manung'uniko kwamba uigizaji wa Uingereza umerudi mikononi mwa watoto wa shule za kulipia yamekuwa wimbo wa kila mwaka.

Atakayesema kwamba hayo yote ni mambo ya Wales tu, amtazame Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London mwaka 1989 na wazazi wa Uganda, akalelewa na mama katika nyumba za halmashauri za Camden. Alifunzwa katika darasa la mtaani la Anna Scher huko Islington, akawa mwandishi na mwigizaji wa tamthilia ya televisheni Skins akiwa kijana mdogo, akatamba mwaka 2010 katika Sucker Punch ya Roy Williams ukumbini Royal Court, na mwaka 2013 akacheza Mobutu katika A Season in the Congo huko Young Vic, Chiwetel Ejiofor akiwa Lumumba. Filamu ya Get Out ilifuata mwaka 2017, Oscar mwaka 2021. Hana tone la damu ya Wales, lakini hatua ni zile zile: mwalimu wa mtaani, mwandishi anayeandika nafasi za watu kama yeye, ukumbi wenye ruzuku, kisha skrini. Wahakiki hawakusema sauti yake imetoka milima ya Rwenzori. Walau tumeepushwa na hilo.

Mwelekeo wa leo una mambo mawili yasiyokwenda pamoja. Callum Scott Howells, kijana wa Treorchy katika Rhondda, alisomea Cardiff badala ya London, akajulikana mwaka 2021 kwa tamthilia ya televisheni It's a Sin, akachukua nafasi ya mshereheshaji katika Cabaret ya West End mwaka 2022. Mwaka 2023 alicheza katika Romeo and Julie ya Gary Owen, hadithi ya vijana wa Splott, mtaa wa Cardiff, ambayo ilionyeshwa kwanza National Theatre ya London, ndipo ikapelekwa Cardiff. Mwaka huo huo Baraza la Sanaa la Wales lilitangaza kwamba National Theatre Wales haitapata tena ruzuku ya miaka mingi, na mwishoni mwa 2024 kampuni hiyo ikaacha kutayarisha michezo. Januari 2025 Michael Sheen alitangaza kwamba ataanzisha nyingine, Welsh National Theatre, akianza kwa fedha zake mwenyewe. Gharama ya kuwafungulia mlango vijana wa Wales, ambayo kwa nusu karne ilikuwa imebebwa na halmashauri na serikali, imerudi kwenye mfuko wa Mwelshi mmoja aliyefaulu London, kama ilivyokuwa mwaka 1943.